Wakili wa Mlevi

Mtu hajulikani sana kwa kosa alilotenda usiku kama ajulikanavyo kwa jambo la kwanza alifanyalo asubuhi yake. Usiku alikuwa na visingizio vingi: kinywaji, wenzi, furaha na giza. Asubuhi visingizio hivyo huondoka pamoja na ulevi, naye hubaki na nafsi yake, jina lake, na mashauri ya kukata. Katika mashauri hayo limo moja ambalo kwa sura ni dogo, kana kwamba ni jambo la fedha na anwani tu, lakini kwa maana ni kubwa: atafute wakili wa namna gani?

Afikiriwe mtu mmoja wa Mombasa, karani wa makamo, mwenye mke na watoto watatu. Jumamosi usiku alitoka karamuni Nyali akiendesha gari lake kurudi kisiwani. Penye daraja askari walimsimamisha, wakamtaka apulize katika kipimaulevi, kisha wakamshusha. Hakugonga mtu wala hakuvunja kitu. Jumapili asubuhi alitolewa kituoni kwa dhamana ya mjomba wake, akaamriwa afike mahakamani Jumatatu kujibu shtaka la kuendesha gari hali amelewa. Njiani mjomba alimtajia mawakili watatu.

"Wa kwanza," alisema, "hana haja ya kuisoma kesi. Anajua watu. Ukimpa fedha aitakayo, faili litapotea au shahidi hatakuja. Wa pili ni rahisi. Utamlipa kidogo, atakwambia ukiri, na kabla ya adhuhuri umekwisha lipa faini umerudi kazini. Wa tatu ni mama mmoja hodari, lakini haahidi kitu, na maswali yake ni makali. Atakutahayarisha kabla hujafika kwa hakimu."

"Na wewe, mjomba, ungemchukua yupi?"

"Mimi, mpwa wangu, siye niliyekamatwa."

Kabla ya kuamua yupi katika hao watatu afaaye, liko swali lililotangulia. Wako watu wema ambao wakisikia habari ya mlevi anayetafuta wakili hodari hukasirika. Huuliza, mtu aliyejilevya kwa hiari yake, akashika usukani kwa hiari yake, atetewe nini? Hasira hiyo si ya kipumbavu. Alewaye chumbani mwake hujidhuru mwenyewe na watu wa nyumba yake. Alewaye akaingia barabarani huwatia katika hatari watu ambao hakuwaomba ruhusa: mchuuzi arudiye na mkokoteni wake, mama avukaye njia na ndoo kichwani, mtoto aliyelala katika kiti cha nyuma cha gari lijalo mbele. Hao hawakuwamo karamuni. Hawakuonja kinywaji wala hawakucheza ngoma, bali wao ndio ambao huenda wakalipa.

Tena karani asijisifu kwamba hakugonga mtu. Sheria ya Trafiki ya Kenya, katika kifungu cha 44, yamhukumu aendeshaye hali amelewa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Kifungu cha 46 chamhukumu asababishaye kifo kwa kuendesha kwa hatari kifungo kinachoweza kufika miaka 10. Kati ya mtu wa kifungu kile na mtu wa kifungu hiki pengine hapana tofauti ya moyo wala ya kikombe. Wote wawili walikunywa sawasawa, wakatoka saa ile ile, wakapita njia ile ile. Tofauti ni kwamba mmoja alikuta njia tupu, na mwenziwe alikuta mtu anavuka. Kilichomwokoa karani hakikuwa hekima yake, kwa kuwa hekima alikuwa ameiacha mezani pamoja na bilauri. Aliokolewa na utupu wa barabara.

Ikiwa ndivyo, kwa nini mtu huyo awe na mtetezi? Jibu ni kwamba haki ya kuwa na wakili haikuwekwa kuwa sifa ya mshtakiwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 50, yasema kwamba mshtakiwa ahesabiwe hana hatia mpaka hatia yake ithibitishwe. Kwamba ana haki ya kuchagua wakili na kuwakilishwa naye. Kwamba aweza kunyamaza, wala asilazimishwe kutoa ushahidi wa kujitia hatiani. Katiba haikuuliza kwanza kama mtu huyo ni mwema. Laiti ingeuliza, nani angekuwa mjuzi wa kujibu kabla ya kesi kusikizwa? Askari aliyemkamata? Jirani aliyesikia uvumi?

Afrika ya Mashariki inayo sababu ya kulikumbuka jambo hili. Jomo Kenyatta na wenzake watano waliposhtakiwa Kapenguria mwaka 1952, wako wengi waliokwisha kuwahukumu mioyoni kabla ya shahidi wa kwanza kusema. Hata hivyo walisimamiwa. Wakili D. N. Pritt alitoka London, akasaidiwa na mawakili wa Kenya na wengine waliotoka mbali, akiwamo H. O. Davies wa Nigeria na Diwan Chaman Lall wa India. Mwezi wa Aprili 1953 washtakiwa walipewa kifungo cha miaka 7 na kazi ngumu. Pritt huyo huyo alisimama Dar es Salaam mwaka 1958 kumtetea Julius Nyerere, aliyeshtakiwa kwa maandishi yaliyosemekana kuwakashifu maofisa wa serikali, na kesi ile nayo ilikwisha kwa hatia na faini. Mara zote mbili wakili alishindwa, wala hakuna asemaye leo kwamba kazi yake ilipotea bure. Alifanya mashtaka yathibitishwe hadharani, neno kwa neno, na yaliyosemwa yakaandikwa, hata waliokuja baadaye wakaweza kuyapima wenyewe.

Yaweza kusemwa kwamba kumlinganisha karani mlevi na watu wale ni kuwakosea adabu. Kweli, kwa heshima hawalingani hata kidogo. Lakini mlango wa mahakama ni mmoja. Ukifungwa usiku kwa ajili ya mlevi, asubuhi mpigania haki ataukuta umefungwa vile vile, na bawabu hatajua kuwapambanua.

Yafaa sasa kulitazama shtaka lenyewe, kwani wengi hudhani kwamba lauliza neno moja tu: alikunywa au hakunywa? Sivyo. Nchi ya Uingereza mwaka 1967 ilifuata njia ya kipimo, ikasema kwamba dereva mwenye zaidi ya miligramu 80 za pombe katika mililita 100 za damu ana kosa, hata kama aliendesha vizuri. Kifungu cha 44 cha Kenya kilifuata njia nyingine. Chauliza kama dereva alikuwa amelewa kiasi cha kutoweza kulimiliki gari lake sawasawa. Kanuni za mwaka 2011 zilileta kipimo cha pumzi, na kile chombo ambacho watu hukiita Alcoblow kikawa maarufu njiani. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kanuni hizo zilipingana na kifungu cha 44, kwa kuwa kanuni haiwezi kuunda kosa ambalo sheria iliyoizaa haikulitaja. Walevi walishangilia, na waliofiwa walisikitika. Lakini mahakama haikuusifu ulevi. Ilisema tu kwamba mwenye kazi ya kutunga sheria ni Bunge, na kwamba sheria ikiwa na upungufu haizibwi na askari penye daraja.

Hapa ndipo kazi halali ya wakili ionekanapo. Aweza kuuliza, gari lilikwendaje? Liliyumba? Lilipita upande usio wake? Dereva alisimamaje alipotakiwa kushuka? Aweza kukiuliza chombo nacho, maana kipimaulevi hakioni damu. Hupima hewa itokayo mapafuni, kisha hukadiria kilichomo damuni. Mtu aliyekunywa dakika chache zilizopita huwa na mabaki ya pombe kinywani ambayo yaweza kuipandisha hesabu isivyo haki, na ndiyo sababu wapimaji waangalifu humngoja mtu kiasi cha dakika 15 kabla ya kumpima. Kuuliza maswali hayo si hila. Ni sawa na mnunuzi aitazamaye mizani ya muuza nyama kabla ya kulipa.

Lakini elimu hiyo ina makali pande mbili. Pombe huondoka mwilini polepole, kadiri ya miligramu 15 hivi katika mililita 100 za damu kwa kila saa, wala kahawa chungu au maji baridi hayaiharakishi. Mtu aliyekunywa sana usiku wa manane aweza kuamka bado amelewa. Wakili ampendezaye mteja kwa nusu ya elimu tu, ile nusu imfaayo, hajamfundisha; amembembeleza.

Sasa na warejewe wale watatu. Wa kwanza hauzi uwakili. Auza kutoweka kwa faili. Neno lenyewe, wakili, limetoka katika Kiarabu, na maana yake ni mtu aliyekabidhiwa jambo la mwenziwe alisimamie kama amana. Amkabidhiye mtu wa namna hiyo jambo lake amekabidhi amana kwa mwizi. Tena hatari haiishi kwake. Faili lililopotezwa leo kwa fedha ya karani ni njia iliyofagiliwa. Kesho litapotezwa kwa njia hiyo hiyo faili la mtu aliyemwua mtoto wa karani. Mwenye kununua haki humfundisha muuzaji bei yake.

Wa pili hana uovu wa namna ile, na kwa sababu hiyo ndiye ambaye watu wazuri humkimbilia. Hudhani kwamba kukiri upesi ni unyofu. Kukiri ni jambo tukufu ikiwa mtu ameyasikia maelezo ya shtaka, ameyajua matokeo yake, na ameyakubali kwa kuwa ni kweli. Lakini kukiri ili mtu awahi kazini si toba. Ni namna nyingine ya kukimbia. Mlevi wa usiku aliharakia nyumbani bila kuitazama njia, na mlevuka wa asubuhi aharakia faini bila kulitazama kosa. Wakili amsaidiaye katika haraka ya pili amempa lifti mtu yule yule.

Karani alikwenda kwa wa tatu jioni ya Jumapili, si kwa ujasiri mwingi, bali kwa kuwa mkewe alikuwa hajasema naye neno tangu asubuhi, naye alitamani mtu yeyote wa kumwuliza kitu. Mama yule alimwuliza alikunywa nini, tangu saa ngapi, alikula nini, askari walimngoja kwa muda gani, na karatasi walizomtia sahihi zilisemaje. Kisha akamwuliza, "Unaikumbuka njia, kutoka karamuni mpaka darajani?"

Karani alikawia kujibu. "Siikumbuki, mama."

"Basi usiniletee habari ya kwenda kuapa kwamba uliendesha vizuri. Nitawataka wathibitishe, na wewe una haki ya kunyamaza. Ukitaka kukiri, tutakiri baada ya kusoma. Kusema uongo sitakusaidia."

Akamweleza na malipo: fedha fulani kwa kazi fulani, iandikwe, itolewe stakabadhi, kesi ikishinda au ikishindwa. Katika jambo hilo alikuwa pamoja na Sheria ya Mawakili ya Kenya, ambayo haiyapi nguvu mapatano ya wakili kulipwa akishinda tu. Hekima ya katazo hilo haionekani kwa haraka. Wakili alipwaye kwa ushindi ameacha kuwa msimamizi wa amana akawa mshirika katika dau, na ni vigumu kwa mshirika kumwambia mwenziwe kweli iwezayo kulipoteza dau. Vile vile mtu asione haya kumwuliza wakili kama anacho cheti cha mwaka huo cha kufanya kazi yake. Mwenye cheti haudhiki kwa swali hilo.

Linabaki swali gumu kuliko yote. Iwapo askari waliandika hesabu ya chombo tu, pasipo kueleza gari lilikwendaje, shtaka laweza kuanguka. Karani aweza kutoka mahakamani huru, naye ajua kwamba haikumbuki njia aliyopita. Je, ni halali kwake kushinda namna hiyo?

Wako wasemao kwamba mtu ajijuaye ana hatia imempasa akiri, basi. Wengine husema kwamba kuthibitisha ni kazi ya serikali, na mshtakiwa hana deni lolote. Kila upande umeshika ncha moja ya kamba. Madeni ni mawili. Deni la kwanza ni la mahakama, nalo ni kutosema uongo, kutonunua mtu, kutoficha kilichoamriwa kitolewe. Mshtakiwa akilitimiza deni hilo akaachiliwa, hakuiba kitu. Dola ilitakiwa kuthibitisha, haikuthibitisha. Deni la pili ni la watu wa barabarani, nalo halimo katika faili. Hakimu hawezi kulidai wala wakili hawezi kulifuta. Hatari ni mtu kuichukua hukumu ya kuachiliwa, ambayo ni stakabadhi ya deni la kwanza, akaionyesha kwa dhamiri yake kana kwamba ni stakabadhi ya deni la pili. Aliyetoka huru akasema, "Unaona, sikulewa," amefanya ubaya ambao hakuufanya penye daraja. Kule alikuwa hajui atendalo. Hapa anajua.

Kwa hiyo wakili mwema ni yule ayatengaye madeni hayo mawili na kumwonyesha mteja wake kila moja mahali pake. Hadharani huitaka serikali ithibitishe kila neno. Faraghani humtaka mteja asijidanganye kwa neno hata moja. Mdomo uwezao kufanya kazi zote mbili ni adimu, na ndio umfaao mtu kuutafuta kabla ya kuuliza bei yake.

Wala jambo hili halitimii bila kumtaja mtu wa nne, ambaye mjomba hakumtaja kwa kuwa hana jina katika mashauri ya wenye fedha. Huyo ni mwendesha bodaboda aliyekamatwa usiku ule ule, kwa shtaka lile lile. Kifungu cha 50 chasema kwamba mshtakiwa atapewa wakili kwa gharama ya dola ikiwa bila hivyo patatokea udhalimu mkubwa, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 ilitungwa kwa ajili ya wasio na uwezo. Lakini si kila kesi ya trafiki ihesabiwayo kuwa nzito hivyo. Huenda kijana huyo akasimama peke yake. Lugha ya mahakama za chini yaweza kuwa Kiingereza au Kiswahili, basi walau ataweza kusema kwa ulimi wake; lakini kujua lugha ya kesi si kujua kesi. Hatauliza juu ya dakika 15, kwa kuwa hajapata kuzisikia. Ikiwa karani aamini kweli kwamba wakili ni haki wala si anasa, imani hiyo na imwume amwonapo kijana yule benchini. Asiyeumwa alikuwa hatafuti haki. Alitafuta nafuu yake tu.

Usiku wa Jumapili mjomba alikuja kuuliza habari.

"Umemchukua yupi?"

"Wa tatu."

"Amekuahidi nini?"

"Hajaniahidi kitu, mjomba."

"Basi fedha unamlipia nini?"

Karani hakuwa na jibu la kumtosheleza mzee, na pengine hakuna jibu fupi litoshalo. Alikwenda chumbani, akautoa ufunguo wa gari, akaja akampa mkewe mbele ya mjomba, bila hotuba. Mke aliupokea, akauweka kabatini, akauliza kama kanzu ya kesho imepigwa pasi. Lilikuwa neno lake la kwanza siku ile.

Hukumu ya kesi haihitajiwi katika insha hii. Hakimu alikuwa na kazi yake, naye mwendesha mashtaka ya kwake. Lililokuwa mikononi mwa karani lilikuwa moja: kuamua kitu gani chake kisimamiwe. Aweza mtu kukodi wa kuulinda ulevi wake, na wa kuilinda haraka yake, na wote hao hupatikana. Akimpata wa kuilinda haki yake bila kuuharibu ukweli wake, amepata wakili. Na asipompata, bado dhamiri yake itataka kusikizwa, leo au kesho, mahali ambapo hapana wa kumsemea.